Kitambaa cha Sekunde Kumi

Chelangat, mama,

Sikuulizi hujambo kwa sababu ninakuona kupitia dirisha hili. Unapanda njia ya kanisani na mama yako, mwavuli mmoja kwa watu wawili, na kama kawaida wewe ndiye unayelowa. Mnakwenda kuombewa safari. Mimi nimesema nabaki kumkamua ng'ombe. Ng'ombe nilimkamua saa tisa. Uliona mkebe umejaa, ukanitazama, ukaniachia uongo wangu. Asante.

Kesho asubuhi nitakupa barua hii mkononi ukiingia gari la Nakuru. Ukinipenda, usiifungue kabla hujapita Chepseon. Nimechagua Chepseon kwa sababu ukifika huko hutaweza tena kushuka na kurudi kwa miguu kuja kunigombeza.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa Kiswahili, sisi ambao hata kuku tunawafukuza kwa Kipsigis. Nilijaribu. Kwa lugha ya nyumbani nilifika mstari wa tatu nikashindwa, kwa sababu kila neno lilikuja na sauti ya mama yako. Kiswahili nilijifunzia kiwandani, kwa wasimamizi na mafundi wa mashine, na ndicho nilichozoea kusemea makosa: nimechelewa, nimevunja, nimesahau. Leo nina makosa ya kusema, basi nimeichukua lugha yake.

Mambo ya sabuni, ya blanketi, na ya watu wa kuogopa huko mjini, mama yako ameyamaliza, na yaliyobaki atayakumbuka kesho ukiwa na mguu mmoja nje. Mimi nataka tuongee juu ya bandeji zako za mikono.

Nimekuona ukipanga begi. Umeweka jozi tatu. Zile ndefu za mtumba ni zile tulizozipata pamoja sokoni Kericho, zikiwa zimezama katikati ya soksi. Muuzaji aliapa kwamba ni za kufunga miguu ya farasi, nawe ukamwuliza ni farasi gani ana kidole gumba cha kuingiza kwenye kitanzi. Nilicheka mpaka akatupunguzia bei. Lakini hizo ziache nyumbani. Ni ngumu mno. Zinamfaa mtu anayelala kwenye benchi akisukuma chuma polepole, kwa maana zinakigeuza kifundo cha mkono kuwa kama mpini wa jembe. Wewe unakirusha chuma juu ya kichwa na kukipokea kiganja kikiwa kimelala nyuma. Kifundo chako ni lazima kipinde kidogo. Kikikatazwa kupinda, kiwiko ndicho kinachoumia.

Jozi aliyokupa mwalimu wako wa vyuma wa Nakuru, huyo unayemwendea, zile za kunata zinazolia chrrr ukizifungua, ni nzuri zikiwa mpya. Zikishajaa nywele na pamba pale panaponata huachia ghafla, na huwa zinaachia chuma kikiwa hewani. Zichambue na sindano kila Jumamosi. Za tatu, zile fupi za fundi Wanjohi, ndizo ambazo ningechukua mimi. Pamba nene yenye mpira kidogo ndani, inazunguka mara mbili na nusu basi. Anza karibu na kiganja, nusu ya kitambaa ikae upande wa mkono na nusu upande wa kiganja, ifunike kiungo chenyewe. Wengi huifunga chini kabisa, kwenye mfupa wa mkono. Hiyo si bandeji, hiyo ni bangili. Ukishafunga toa kitanzi kwenye kidole gumba. Na unapopasha mwili moto kwa vyuma vyepesi usifunge kitu, uache mkono ufanye kazi yake.

Haya yote unayajua. Nilikufundisha mwenyewe. Nimeyaandika tena kwa sababu ni rahisi kuyaandika, na yanayofuata si rahisi.

Mimi nilianza kubeba vyuma nikiwa na miaka yako kumi na minane, nyuma ya kile kiwanda cha chai kule Mogogosiek, kwenye banda la mashine mbovu. Chuma chetu kilikuwa ekseli ya trela, na uzito wetu ulikuwa magurudumu ya mashine ya zamani ya kusaga majani. Hakuna aliyekuwa ameona bandeji ya kubebea vyuma. Kifundo kiliponiuma nilikata tyubu ya baiskeli nikajizungushia mara nyingi, nikakaza kwa meno. Nikainua. Ilifanya kazi vizuri sana, nikajiona nimevumbua kitu ambacho wazungu wenyewe hawajui. Nilikaa nayo tangu saa nne mpaka saa saba.

Siku hiyo tulikuwa tumekwenda Sotik kuonyeshana nguvu siku ya soko. Kulikuwa na fundi cherehani wa pale, Mkikuyu mmoja mfupi, mabega kama mlango, na tepu ya kupimia nguo shingoni. Huyo ndiye Wanjohi. Aliinua zaidi yetu sote bila kuivua tepu. Halafu akaona mkono wangu, ambao wakati huo ulikuwa umeanza kuwa wa rangi ya zambarau.

"Wewe kijana, nani alikufunga hivyo? Hiyo mkono umefunga kama gunia ya viazi."

"Ni mimi mwenyewe."

"Fungua. Fungua saa hii! Mimi nitakushonea ingine ya maana. Lakini sikiza vizuri. Hii kitu ni ya sekunde kumi. Unafunga, unainua, unaweka chini, unafungua. Wacha damu ipite, na wacha mkono ikwambie vile inasikia. Mkono ikifungwa haiongei."

Tangu siku hiyo tukawa marafiki, na mpaka leo nikipita Sotik siwezi kumkwepa bila kunywa chai yake yenye maziwa kidogo. Maneno yake nimeyarudia kwa vijana wengi pale bandani. Kwako nimeyarudia mpaka ukawa unayamalizia wewe. Kuna mtu mmoja tu ambaye sikumwambia.

Ulikuwa na miaka kumi. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na shamba letu la chai lilichipua lote kwa mara moja, yaani ukimaliza mstari wa chini ule wa juu uko tayari tena. Unajua majani hayangoji mtu. Yakikomaa karani wa kituo cha kununulia chai anayakataa, na lori la kiwanda halirudi mpaka siku yake ifike. Kwa kawaida siku zangu za mapumziko nilikuwa nachuma na mama yako. Mwezi huo nilimwambia sitaweza. Timu ya kiwanda ilikuwa imenichagua kwenda kushindana Kericho, na nilitaka kufanya mazoezi kila jioni na kupumzika asubuhi. Nilisema kupumzika, Chelangat. Mwanamume mzima nilikuwa nimelala kitandani, na nje nasikia mke wangu akivaa nailoni yake ya kuchumia ili umande usimloweshe.

Mama yako alikuwa mchumaji ambaye watu walisimama kumtazama. Mikono yote miwili kwa pamoja, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na kikapu kinajaa mgongoni bila yeye kugeuka. Hakuwa anatazama hata chai yenyewe. Alikuwa anaongea na jirani upande wa pili wa ua. Wewe ulikuwa mdogo, sijui kama unamkumbuka hivyo.

Jioni moja alirudi kutoka kituoni, akakaa kwenye kile kigoda chake, akawa anaukung'uta mkono wa kulia kama mtu anayekung'uta maji.

"Baba Chelangat, hii mkono yangu inalala."

"Inalala vipi?"

"Hivi tu. Hata usiku inaniamsha. Vidole zinakuwa kama si zangu."

Ningeweza kumwambia apumzike. Nilikuwa najua vizuri kuliko mtu yeyote pale kijijini kwamba mkono unaosema hivyo unataka kupumzishwa. Lakini akipumzika yeye, nani atachuma? Ni mimi. Na zilikuwa zimebaki wiki tatu. Basi nikasema, "Ngoja nikufunge." Nikachukua bandeji zangu nzuri, zile za Wanjohi, nikamfunga kama nilivyokuwa najifunga mwenyewe nikienda kuinua uzito wa mwisho. Nilivuta mpaka kitambaa kikalia. Akafungua na kufunga vidole, akashangaa.

"Imenyamaza," akasema.

Nilifurahi sana. Nilikuwa na dawa ya mke wangu mfukoni mwangu! Kesho yake pale bandani niliwachekesha wenzangu nikiwaambia kwamba nyumbani kwetu hata mchumaji wa chai anafungwa kama bingwa.

Habari ya sekunde kumi sikumwambia. Mbeba vyuma anaweka mzigo chini. Mchumaji haweki chini kitu, mpaka saa nane mchana, na baada ya hapo ana kikapu cha kupeleka kituoni, kisha kuni, kisha maji, kisha sisi. Ningemwambia afungue kila baada ya dakika kumi, angeniambia haiwezekani, na tukifika hapo mmoja wetu angelazimika kusema kwamba basi asichume. Ndiyo sababu nilinyamaza. Nimetafuta sababu nyingine kwa miaka minane sijaipata.

Alishinda na ile bandeji. Baadaye akawa analala nayo, maana akiifungua usiku maumivu yalirudi kwa hasira. Kila asubuhi alininyooshea mkono nikiwa bado kitandani, nami nikamfunga upya, nikamkaza kidogo zaidi ya jana, kisha nikajifunika.

Kericho nilishika nafasi ya pili. Nilipewa chupa ya chai, ile kubwa yenye maua mekundu, nikaileta nyumbani nimeikumbatia. Unaikumbuka. Haikukaa hata mwezi. Jumapili moja tulikuwa na wageni wa kanisa, mama yako akaichukua kwa mkono wa kulia kuwamiminia, ikamponyoka, ikapasuka sakafuni na chai ikamwagika mpaka kwenye viatu vya mchungaji. Wewe ulijificha nyuma ya mlango. Ulijificha kwa sababu nilipiga kelele. Nilimgombeza mbele ya wageni kwa ajili ya chupa. Alikuwa anautazama mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni ambaye hajamkaribisha. Hakuwa amesikia chupa ikitoka mkononi. Hakuwa anasikia chupa hata alipokuwa ameishika.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Tunalisema hilo kila siku bila kufikiri, kama salamu. Mimi mjukuu wangu alikuja upesi.

Tulikwenda hospitali. Daktari mwenyewe alikuwa kijana, mpole, akamchoma mama yako vidole kwa ncha ya pini, kidole gumba, cha pili, cha tatu, na kila mara mama yako alikuwa anatazama ukutani akisubiri aanze. Daktari alikuwa ameshamaliza. Daktari akatuambia kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo, nafasi yake ni ndogo kama tundu la sindano, na kwamba kazi ya kuchuma ilikuwa imeuvimbisha, halafu juu yake ukabanwa kwa muda mrefu. Ungepumzishwa mapema, akasema, pengine ungerudi. Kisha akauliza, "Nani alikuwa anakufunga hivi?"

Nilikuwa nimeketi pale pale. Magoti yetu yalikuwa yanagusana.

"Nilikuwa najifunga mwenyewe," mama yako akasema.

Na mimi nikamwacha aseme hivyo. Daktari akaandika. Tukatoka nje, tukanunua ndizi, tukarudi nyumbani.

Mengine umeyaona kwa macho yako. Mama yako hajachuma chai tena. Anachambua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Kibuyu cha maziwa ya mursik anakisugua akiwa amekibana kwa magoti. Mara ngapi ameshika sufuria ya moto, na sisi tukajua kwa harufu kabla yeye hajajua? Leo mchana ni wewe uliyemfunga vifungo vya gauni la kanisa. Nilikuwa namwangalia. Alikuwa ametazama juu, kidevu hewani kama mtoto, na nikafikiri: kuanzia kesho vifungo hivyo ni kazi yangu, na vidole vyangu ni vinene, na atanicheka. Heri anicheke.

Niliacha vyuma mwaka ule ule. Watu walidhani ni mgongo. Bandeji nilizitupa juu ya dari ya jikoni, na ni wewe uliyezishusha ukiwa na miaka kumi na minne, ukiwa unatafuta mayai ya yule kuku mjinga. Uliniuliza ni za nini. Ningeweza kusema ni matambara. Lakini nilikuwa nimekaa miaka minne bila mtu kuniuliza kitu ninachokijua, na mdomo ukafunguka wenyewe. Wiki iliyofuata tulikuwa bandani.

Sijawahi kukuambia nilivyojisikia ulipoinua ile ekseli kwa mara ya kwanza, sketi ya shule umeikunja ndani ya suruali yangu, na wale wazee waliokuwa wanasema msichana atavunjika kizazi wakanyamaza mmoja mmoja. Nilifurahi kuliko siku uliyobatizwa, Mungu anisamehe. Nilidhani kilichoharibika nyumbani kwetu kimerudi kupitia kwako. Huo ni mzigo ambao hakuna baba anayepaswa kumbebesha mtoto, nami nilikubebesha juu ya vile vyuma bila kukuuliza.

Sasa nifike kwako.

Siku ile chuma kilipokurudia nyuma, wiki tatu kabla ya majaribio ya Kericho, ulisema si kitu. Ukacheka, ukachukua chaki ukaendelea. Lakini mimi nimeishi miaka minane na mkono mgonjwa ndani ya nyumba. Najua unavyotembea. Nilikuona ukianza kubeba ndoo kwa kushoto. Nilikuona ukisonga ugali kwa kushoto, na ukimwambia mama yako kwamba unajifunza kutumia mikono yote kama yeye, na yeye akafurahi! Nilikuona ukiosha vyombo na bandeji mkononi, ukasema ni baridi. Tulikuwa mwezi wa pili, Chelangat. Hakukuwa na baridi.

Tukafika Kericho siku ya majaribio. Ukumbi ulijaa, yule mwalimu wa Nakuru amekaa mbele na daftari lake, wasichana wanne wanagombea nafasi mbili za timu yake. Ulikuwa umebakiza mzigo wa mwisho. Ulikuja nyuma ya pazia, ukanyoosha mkono wa kulia, ukasema, "Baba, kaza. Kaza kabisa."

Nilikuwa na swali moja. Lilikuwa fupi, hata halijai kijiko: inauma wapi? Nililishika mdomoni. Nilijua ukinijibu ukweli, itabidi nikufungue na turudi nyumbani. Basi nikalimeza, nikakaza. Nilivuta mpaka kitambaa kikalia. Uliinua, ukasimama, ukakishika mpaka taa ya waamuzi ikawaka, na mwalimu akaandika jina lako. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Njiani tukirudi ulilala begani kwangu. Hukuwa umeifungua. Na ndani ya usingizi ukaanza kuukung'uta mkono, polepole, kama mtu anayekung'uta maji.

Nilikufungua mwenyewe, taratibu ili usiamke. Ngozi ilikuwa na alama za nyuzi. Nikaushika mkono wako mapajani mwangu mpaka tukafika, na nilikuwa nalia, Chelangat, mwanamume mwenye mabega haya, nikijifanya natazama nje. Mke nilimfunga kwa sababu sikujali. Wewe nimekufunga kwa sababu nilijali mno. Mkono wenyewe haujui tofauti.

Nilingoja useme. Kila siku nilisema leo atasema. Methali zetu zinasema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe shuleni ulizijua zote, ulipata hata zawadi. Lakini ungesema kwa nani? Kwa mtu aliyekufunga? Nyumba hii imekufundisha kwamba mkono ukiuma unafungwa na watu wananyamaza. Hukuzaliwa ukijua hivyo. Ulifundishwa na sisi, na hasa na mimi.

Kwa hiyo hiki ndicho nilichofanya, na sikukushauri. Juzi, siku niliyosema nakwenda kutafuta dawa ya kupe, nilikwenda Sotik, posta, nikapanga foleni kwenye simu, nikampigia mwalimu wako. Nilimwambia kuhusu siku ile chuma kilipokurudia. Nilimwambia kuhusu ndoo, na bandeji ya kuoshea vyombo. Nilimwambia kwamba uzito ule wa mwisho uliuinua na mkono mgonjwa, na kwamba aliyeufunga ni mimi, nikijua.

Nilimsikia akifunua kurasa za daftari lake.

"Mzee," akasema, "si ungeniambia siku ile? Nimerudisha wasichana wawili nyumbani juu yake."

"Najua."

"Daktari atamwona kabla hajagusa chuma. Akisema hapana, nitamrudisha. Sitaki kukudanganya."

"Sawa."

"Na yeye anajua umenipigia?"

"Bado."

Hakuniahidi kitu kingine. Sarafu zikaisha.

Sasa unajua. Inawezekana nimekuvunjia kile ulichokitaka tangu ukiwa na miaka kumi na minne, na nimekivunja kwa simu, nyuma ya mgongo wako, kisha nikakaa mezani siku mbili nikikutazama ukipanga nguo. Kasirika. Usijilazimishe kunisamehe upesi kwa sababu mimi ni baba na imeandikwa tuheshimiwe. Ukirudi wiki ijayo na begi lako, mlango uko wazi na hutaulizwa umeinua kilo ngapi, na mimi au na mtu yeyote nikiwa hai. Usiponisalimia nitaelewa. Chakula kitakuwa mezani.

Jana, ulipokwenda kuwaaga marafiki zako, nilimwambia mama yako kuhusu ile simu. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuacha. Alichambua mpaka nikadhani hakunisikia, kisha akasema, bila kuinua uso, "Ya huyu umesema."

Nikajua kinachokuja.

"Yangu ulinyamaza."

Nikamwambia, kwa Kipsigis, maneno ambayo nilipaswa kuyasema mbele ya yule daktari. Nilisema ni mimi niliyemfunga. Akasema anajua, alikuwepo. Akasema amengoja miaka minane kusikia nikisema, na kwamba alidhani atazikwa kabla hajasikia. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa, sikujua nishike upi. Yeye akainuka akaenda kuweka maji motoni. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuuliza. Lakini leo asubuhi alinipa chai kwanza kabla yako, na sijui maana yake, na siku nzima nimekuwa nikiifikiria.

Nawasikia mnarudi. Nitafunga barua kabla hamjafika mlangoni, nitoke nijifanye natazama ng'ombe.

Mwalimu atakupokea stendi ya Nakuru. Anajua ni mkono wa kulia. Anajua ni tangu lini. Aliniuliza ni vidole vipi vinavyolala, na mimi, baba yako, nilisimama pale posta na simu mkononi nikashindwa kumjibu, kwa sababu sijawahi kukuuliza. Mwambie yeye.

Wako anayebaki hapa,
Baba